Daraja Jipya Lije, la Zamani Libaki kwa Miguu Yetu

Ukitoka Arusha mjini kuelekea Moshi, barabara ya njia nne inakusindikiza mpaka Tengeru, kisha inakwisha. Kipande hicho cha kutoka Sakina kina kilomita 14.1, na dereva aliyekizoea hukipita bila kufikiri. Akishaiacha Tengeru ndipo anapoanza kufikiri. Lami inabana na kuwa njia mbili, malori ya Holili na Namanga yanakutana na mabasi ya Dar es Salaam, na katikati yao wamo watu wa Makumira wanaoendelea na siku yao: mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani anayewahi soko la Tengeru Jumatano au Jumamosi, wanafunzi wa chuo kikuu wanaotembea wawili wawili, guta lililojaa majani ya ng'ombe, mtoto aliyetumwa dukani.

Penye daraja wote hao hubanana zaidi. Madaraja yetu mengi ni mafupi, hata abiria aliyelala hajui kwamba amevuka mto. Lakini mwenda kwa miguu anajua. Ukingo wa barabara uliokuwa ukimhifadhi unaishia hapo, na hatua zile chache anazipiga kati ya bomba la chuma na tairi la semitrela. Mama wa mkungu husimama kwanza, husikiliza, ndipo anavuka.

Hali hii haitadumu, wala haifai kudumu. Kwa miaka kadhaa hotuba za bajeti za Wizara ya Ujenzi zimekuwa zikiutaja mradi wa kupanua barabara ya Tengeru hadi Moshi na Himo, kilomita 105, pamoja na Daraja jipya la Kikafu lenye urefu wa mita 560 na mizani ya Himo. Tukiitazama ramani, sisi wa Makumira ndio tunaofuata baada ya Tengeru. Ndiyo maana naandika sasa. Siandiki kuupinga upanuzi huo, maana nimehudhuria mazishi ya kutosha ya watu waliogongwa kandokando ya barabara hii. Naandika kwa sababu najua namna daraja jipya linavyoweza kuokoa maisha, na papo hapo likaondoka na kitu ambacho hakuna mkandarasi anayekitajia bei.

Kitu hicho hakieleweki mpaka uitazame mito yenyewe. Mlima Meru unaishusha upande wetu mmoja baada ya mwingine: Nduruma, Tengeru, Malala, Usa, Maji ya Chai. Yote inakatiza barabara kuu, yote inaelekea Kikuletwa, na huko tambarare inakutana na maji ya Kikafu na Weruweru yanayotoka Kilimanjaro. Yakichanganyika yanaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha Pangani, kisha bahari. Anayeogesha pikipiki yake Usa River na anayenywesha mbuzi chini ya daraja la Kikafu wanatumia maji ambayo mwisho wake ni mmoja.

Kila barabara inapokutana na mto, watu nao hukutana. Chini ya daraja kuna kivuli hata mchana wa Januari. Kuna mawe ya kufulia yaliyolainika kwa vizazi vya mikono. Kuna njia ya ng'ombe, na mara nyingi karibu na hapo pana mdomo wa mfereji, kazi ya Wameru ya tangu kabla ya Mjerumani, unaopeleka maji kwenye migomba kwa zamu iliyopangwa na wazee. Juu ya daraja kuna kituo cha bodaboda na meza ya maparachichi. Abiria akimwambia kondakta amshushe darajani, kondakta haulizi daraja lipi. Kwa maneno mengine, daraja kwetu ni mtaa. Gari huupita kwa sekunde nne, mwenyeji anaishi hapo siku nzima.

Kwa msomaji wa Kaskazini, hakuna daraja linalofundisha habari hii vizuri kama la Wami. Daraja la zamani lilijengwa mwaka 1959, la njia moja, chini kabisa kwenye bonde, katika barabara ya Chalinze hadi Segera. Kila mtu wa Arusha, Moshi na Tanga aliyekwenda Dar es Salaam kwa basi alilivuka. Hata ukiikwepa Chalinze kwa kupita Bagamoyo na kutokea Msata, Wami ilikuwa bado mbele yako. Basi liliteremka kwa gia ndogo, breki zikinuka, kona moja, kona nyingine, na ghafla mbele kuna uwazi wa gari moja tu. Kama upande wa pili lori limeshaingia, mnasubiri. Wami ni mto wa viboko na mamba, na sisi tuliokuwa watoto tulibandika nyuso kwenye vioo tukitafuta mgongo mweusi majini. Watu wazima hawakutafuta kiboko. Walikuwa kimya, wengine midomo ikitembea kwa sala, mpaka basi lilipoanza kupanda mlima wa pili na mtu mmoja nyuma akakohoa. Ndipo maongezi yaliporudi.

Ukimya ule ulikuwa na sababu. Magari yaliyokatika breki kwenye miteremko ile yaliua watu, na lori moja likiharibikia katikati ya daraja, Kaskazini nzima ilisimama. Njia mbadala ilikuwa kuzunguka Dodoma na Babati, safari ya siku nzima na zaidi. Mwaka 2018 ujenzi wa daraja jipya ulianza, na mwaka 2022 magari yakaanza kulipita: mita 513.5, njia mbili, juu ya bonde badala ya ndani yake, kwa gharama ya zaidi ya shilingi bilioni 67. Leo abiria anavuka Wami akiwa anaangalia simu. Mimi nasema hilo ni jambo jema, bila kusitasita. Hakuna uzuri wa kale unaostahili kulipiwa kwa maisha ya abiria.

Lakini Wami ilikuwa rahisi kwa namna ambayo Makumira haitakuwa rahisi. Pale bonde ni pana na watu ni wachache, mhandisi akapata nafasi ya kusogea pembeni na kujenga juu. Huku kwetu migomba imefika ukingoni mwa lami, na nyuma ya migomba kuna nyumba, na nyuma ya nyumba kuna kaburi la babu. Daraja jipya haliwezi kusogea bila kumsogeza mtu.

Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, ukipima kutoka katikati. Tangu hapo tumejifunza rangi za alama ya X. Nyekundu maana yake umeingia hifadhini na utabomoa mwenyewe. Ya kijani maana yake barabara ndiyo iliyokufuata, na una haki ya fidia. Watu wa Meru hawahitaji kufundishwa uzito wa jambo hili. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru wa Engare Nanyuki kwa nguvu ili ardhi yao wapewe walowezi, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri mpaka Umoja wa Mataifa, New York, kuwasilisha malalamiko yao. Barabara ya umma si dhuluma ya walowezi, na sitaki mtu achanganye mambo hayo mawili. Ninachosema ni kwamba hapa pana watu wenye kumbukumbu ndefu ya kupimiwa ardhi na mtu ambaye hakuwauliza, na mradi wowote unaoanza kwa kuwauliza utaenda haraka kuliko unaoanza kwa rangi ya X.

Fidia hulipia ukuta, bati na migomba. Meza ya maparachichi hailipiwi, kwa sababu haina hati. Mawe ya kufulia hayalipiwi, kwa sababu ni ya kila mtu. Mdomo wa mfereji ukizibwa na kifusi cha ujenzi kwa msimu mmoja, bustani za chini zote zinakauka, na huenda nyumba za wenye bustani hizo ziko kilomita mbili kutoka barabarani, hakuna aliyewaandika kama waathirika. Hapo ndipo mradi mzuri unapoacha kidonda.

Kuna na suala la jina, ambalo wengi huliona dogo. Zanzibar kuna Darajani, soko na kituo ambacho hakuna mgeni asiyekijua. Daraja lenyewe haliko. Hapo awali mkono wa bahari uliingia ndani ukautenga Mji Mkongwe na upande wa pili, ambao kwa sababu hiyohiyo uliitwa Ng'ambo, na daraja ndilo lililowaunganisha watu wa pande mbili hizo. Maji yakafukiwa, juu yake ikapita barabara, daraja likatoweka, lakini mpaka leo mtu anakwenda Darajani kununua samaki na anaishi Ng'ambo bila kuvuka maji yoyote. Arusha nasi tunayo kata nzima inayoitwa Daraja Mbili. Watu hawakuitisha kikao cha kuyapa maeneo haya majina. Waliyaita walivyoyaona, na jina likawa ramani.

Dar es Salaam wamepitia jambo hilo juzijuzi. Daraja la Selander lilibeba jina la John Einar Selander, mkurugenzi wa kwanza wa kazi za umma wa Tanganyika chini ya Waingereza. Wenyeji wakalifanya jina lao, wakasema Salenda, na Salenda ikawa foleni, ikawa upepo wa bahari jioni, ikawa alama ya kumwelekeza mgeni. Foleni ilipozidi, serikali kwa mkopo wa Korea Kusini ikajenga daraja jingine lenye urefu wa kilomita 1.03, likipita baharini kutoka upande wa Aga Khan hadi Oysterbay, likafunguliwa Machi 2022. Watu walikuwa wameshaanza kuliita Salenda mpya. Likapewa jina la Tanzanite. Nakubali kwamba nilifurahi, maana tanzanite ni jiwe la Mirerani, hapo chini ya uwanja wetu wa ndege, na leo jina la vumbi letu liko juu ya bahari. Lakini jambo lililonifurahisha zaidi ni kwamba Salenda ya zamani haikuvunjwa. Ipo, inafanya kazi, na jina lake halikuhamishwa. Jiji limepata la pili bila kupoteza la kwanza.

Mombasa haikuwa hivyo. Daraja la Nyali la mwaka 1931 lilikuwa likielea juu ya maboya, likipanda na kushuka na maji ya bahari. Mwaka 1980 likaja la zege, na lile la kuelea likaondolewa. Kaskazini kidogo, Mtwapa, kulikuwa na kivuko kilichovutwa kwa minyororo na wanaume walioimba wakati wa kuvuta, na wasafiri wa zamani walikizungumza kivuko hicho kwa sababu ya nyimbo kuliko kwa sababu ya safari. Daraja lilipojengwa, nyimbo ziliishia hapo. Hakuna aliyefanya kosa. Hakukuwa tu na mtu aliyepewa kazi ya kuuliza nini kitafuatana na kivuko kikiondoka.

Sasa nirudi kwenye uhandisi, kwa sababu hoja ya kuhifadhi bila hesabu ni maneno matupu. Madaraja ya zamani hayachoki kwa uzee pekee. Yanachoshwa na mambo mawili. La kwanza ni uzito. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu gari la mizigo kufikia tani 56 kwa jumla, na tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi pacha. Aliyechora daraja katika miaka ya 1950 hakuwahi kuliona lori la namna hiyo. Kila ekseli inapopiga, zege linapinda kidogo na kurudi, na baada ya mamilioni ya mapigo nyufa hufunguka, maji huingia, nondo hushika kutu, kutu hufura na kulibandua zege kutoka ndani. La pili ni mto. Mafuriko huchimba chini ya nguzo, na uchimbaji wa mchanga karibu na daraja huusaidia mto kufanya uharibifu huo. Unaweza kuona daraja limesimama imara, kumbe mguu wake uko hewani.

Lori likiondolewa, adui wa kwanza ameondoka. Mzigo wa watu, baiskeli, ng'ombe na bodaboda husambaa, haupigi sehemu moja kama ekseli. Daraja lisilofaa tena kwa tani 56 linaweza kuwatumikia wenyeji kwa miaka mingi zaidi, mradi nguzo zake zikaguliwe kila baada ya mvua na kingo zake zitengenezwe. Huo ni utaratibu unaojulikana. Chirundu, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, daraja la Otto Beit la mwaka 1939 halikuvunjwa lilipojengwa la pili mwaka 2002. Yanasimama bega kwa bega, yote mawili yakifanya kazi.

Kikafu ndipo mahali pa kulifanya jambo hili kwa ukubwa wake. Kila anayekwenda Moshi analijua bonde lile: ukiipita Boma Ng'ombe, barabara inashuka kwa kona hadi mtoni na kupanda tena, na ajali zake zinajulikana. Daraja la mita 560 likipita juu, barabara ya zamani na daraja lake la chini vitabaki bila malori kwa mara ya kwanza tangu vijengwe. Vinaweza kuachwa viote magugu na kuwa maficho ya wahalifu. Au vinaweza kukabidhiwa kwa wenyeji wa Hai kama njia ya miguu, ya baiskeli na ya mifugo, njia ya mkulima kufika shamba la ng'ambo bila kupanda barabara kuu. Tofauti kati ya mambo hayo mawili ni sentensi moja katika mkataba, ikiandikwa mapema, pamoja na fungu dogo la matengenezo.

Tusitegemee kwamba sheria ya mambo ya kale itatufanyia kazi hiyo yenyewe. Sheria hiyo ya mwaka 1964 inayatambua moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Hakuna daraja la barabara yetu lenye umri huo. Chochote kilichojengwa baada ya hapo kinalindwa waziri akikitangaza, na waziri hawezi kutangaza kitu ambacho hakuna aliyempelekea habari zake. Boma la Arusha, lililojengwa na Wajerumani kuanzia mwaka 1899, lingeweza kuvunjwa kama majengo mengine ya zamani mjini. Limepona kwa sababu lilipewa kazi: tangu mwaka 1987 ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, na watoto wa shule hupanga foleni mlangoni pake. Daraja nalo huhifadhiwa kwa kutembewa.

Na hata pale ambapo la zamani haliwezi kupona, yaani nguzo zimechimbwa na zege limeoza, bado jipya linaweza kuzaliwa na sura ya mahali lilipo. TARURA, wakala uliopewa barabara za vijijini na mijini mwaka 2017, wamejenga madaraja mengi ya matao ya mawe, kazi iliyoanza kwa nguvu Kigoma kwa ushirikiano na Wabelgiji, na wao wenyewe wanasema gharama hupungua kwa zaidi ya nusu. Mawe yanatoka jirani, mafundi ni vijana wa kijiji, na fedha inabaki pale pale. Meru ina mawe ya volkano ya kutosha na mafundi wanaojua kuyachonga. Daraja la barabara kuu litahitaji zege na chuma, hilo sibishani nalo. Lakini ngazi za kushukia mtoni, kuta za kuzuia udongo, kivuko kidogo cha miguu pembeni na mdomo wa mfereji vinaweza kujengwa kwa jiwe letu na mikono yetu. Njia ya miguu yenye upana wa kupishana mama wawili wenye mikungu si anasa. Ningependa mchoraji aje Tengeru asubuhi ya Jumamosi, asimame darajani saa moja, apime mwenyewe.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mradi mkubwa ufanyiwe tathmini ya athari, na wananchi washirikishwe. Kwa kawaida hilo huja kama mkutano wa kijiji uliotangazwa kwa barua kwenye mbao za matangazo ya ofisi ya mtendaji, siku ya kazi, saa nne asubuhi. Wanaofika ni wazee wachache na mwenye nyumba yenye X. Mfua nguo hayupo, mwenye meza hayupo, kijana wa bodaboda hayupo, na mzee wa mfereji amepewa nafasi ya kufungua kwa sala tu. Karatasi ya mahudhurio inasainiwa, na mbele ya sheria wananchi wameshirikishwa.

Basi, wewe unayesoma haya Makumira, Usa River, Maji ya Chai, Kikatiti au Hai: barua hiyo ikibandikwa, nenda. Nenda na mama anayefua, na mzee wa mfereji, na mwenyekiti wa kituo cha bodaboda. Ombeni kuonyeshwa mchoro, na muulize mambo matatu hadharani ili yaandikwe kwenye muhtasari: watu wa miguu watapita wapi, mfereji utapita wapi, na daraja la zamani atakabidhiwa nani. Muulize kabla mchoro haujapigwa muhuri.

Usa River